MBA kwa sisi wa Sokon I: kabla hujalipa ada, uliza nani anasaini cheti

Msimu wa kuomba vyuo ukifika lazima kuna mtu ataniuliza, "Braza, MBA nikasome wapi?" Wengi wanataka jina la chuo tu. Na mimi nilianza hivyo hivyo, nusura mama auze kiwanja.

Ilikuwa hivi. Nafanya uhasibu kwenye kampuni ya utalii hapa mjini, na bosi alishasema wazi kwamba umeneja hautoki bila shahada ya pili. Nikaona tangazo la chuo kimoja, jina silitaji. Ofisi ghorofani, vigae vinang'aa, dada wa mapokezi anakuita mheshimiwa. MBA kwa miezi tisa, cheti cha nje, ada kwa dola. Mama akasema kile kiwanja cha bondeni kiuzwe, mtoto asome. Nikatanguliza laki tano ya kianzio.

Bahati jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaniuliza swali moja tu: "Hicho cheti TCU wanakijua?" Nikarudi ofisini kwao kuuliza. Jibu nililopewa: "Cheti chetu ni cha kimataifa, hakihitaji TCU." Wadau, ukijibiwa hivyo chukua begi lako uondoke. Laki tano yangu haijarudi mpaka leo.

Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilianza kazi 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo. Ndiyo inayosajili vyuo vikuu nchini, na ndiyo inayotambua shahada zilizotolewa nje. Orodha ya vyuo iko kwenye tovuti yao, nusu saa ya kafe inatosha kabisa. Ila usiishie kwenye jina la chuo. Angalia na kozi yenyewe, na kituo utakachosomea. Arusha haya tumeyaona: miaka ya 2010 JKUAT na Kenyatta University, vyuo halali kabisa kwao Kenya, vilikuwa na vituo hapa mjini. Leo vituo hivyo havipo. Kituo kikifungwa wewe uko katikati ya tasnifu, unahamia wapi?

Kuna jambo linawachanganya watu wengi. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA) pale Njiro, kilichoundwa kwa sheria ya 1990, si chuo kikuu. Kwa hiyo usishtuke kusikia kwamba kiko chini ya NACTVET, ile iliyokuwa inaitwa NACTE. Kwa hesabu zao shahada ya uzamili ni ngazi ya 9, na ni halali. Kuna kipindi walifundisha shahada za uzamili pamoja na Coventry University ya Uingereza, siku hizi wanatoa na za kwao wenyewe.

Njiro hiyo hiyo kuna ESAMI, ambayo ni mali ya serikali kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, siyo Tanzania peke yake. MBA yake kwa miaka mingi ilikwenda pamoja na Maastricht School of Management ya Uholanzi, na 2022 shule hiyo ikaingizwa ndani ya Maastricht University. Sisemi ubaya wa mtu hapa. Ninachosema ni kwamba washirika hubadilika, na kipeperushi cha zamani hakijui hilo. Uliza: mwaka huu ninaojiunga, saini ya nani itakuwa kwenye cheti changu? Jibu liwe kwa maandishi.

Halafu kuna wale wa "mwajiri haangalii bwana". Aprili 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kugushi, wakaondolewa. Sawa, kugushi na kutotambuliwa ni vitu viwili tofauti, lakini siku ya kuitwa na afisa utumishi utaeleza tofauti hiyo huku unatoka jasho.

Jingine ni muda. Sisi wa utalii, Juni mpaka Oktoba hatulali, na Desemba ndiyo usiseme. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopata jina hilo 2008, ina heshima yake. Mzumbe pia. Lakini kama itabidi uache kazi uhamie Dar au Morogoro, hesabu na mshahara utakaoukosa, maana nayo ni ada. Strathmore ya Nairobi ni nzuri kwa mwenye mfuko, na Namanga si mbali. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kina kituo hapa Arusha na kinamfaa anayeshinda porini na wageni, ila hakuna atakayekuamsha usome. Kila chuo unachokifikiria, mtafute mtu aliyesoma pale umuulize: mlioanza wote, wangapi wamekula nondo? Darasani watu wanapita, kwenye tasnifu ndiko wanakokwama. Msimamizi hapokei simu, mwaka unakatika.

Na wahasibu wenzangu, kabla ya yote soma matangazo ya kazi unazozitaka. Nyingi zinadai CPA ya NBAA. Kama na yako inadai hivyo, MBA isubiri. Mimi bosi wangu anataka MBA, sina ujanja.

Na GPA yako uijue. Vyuo vingi vinataka angalau 2.7, yangu ni 2.9, nimepenya kwenye tundu la sindano.

Basi nimeomba hapa hapa Njiro, ya kusoma baada ya kazi, ada nalipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara. Nikitoka darasani daladala zikiwa zimeisha, natembea. Kiwanja bado kipo. Mama kapanda mahindi na maharage.