Shaba ya Mansfeld na Dhahabu ya Nyangoto

Wanafunzi wetu wa Historia ya Kanisa hupenda kuandika katika mitihani yao kwamba Martin Luther alikuwa mwana wa mkulima. Si kosa kamili, kwa maana Luther mwenyewe alipenda kusema hivyo, na babu zake walikuwa wakulima kweli. Lakini baba yake, Hans Luder, aliliacha jembe. Mwaka 1484, mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja, aliihamisha jamaa yake kutoka Eisleben kwenda Mansfeld, ambako hatimaye alipata kuwa mwenye matanuru ya kuyeyushia shaba. Gharama za Chuo Kikuu cha Erfurt, alikoingia Martin mwaka 1501, zilitoka katika matanuru hayo.

Shaba ya Mansfeld ilikuwa ndani ya tabaka la mwamba mweusi, jembamba mno hata wachimbaji walifanya kazi wakiwa wamelala ubavu. Jiwe lililotolewa lilichomwa kwanza katika moto wa wazi ili kupunguza kiberiti kilichomo. Kisha liliyeyushwa kwa makaa ya mti, katika tanuru lililopulizwa na mivukuto iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kilichoelea juu kilikuwa taka, kile ambacho wahunzi wa chuma huku kwetu hukiita mavi. Kilichozama kilikuwa mchanganyiko wa shaba, chuma na kiberiti, nao ulichomwa na kuyeyushwa tena na tena hata ikapatikana shaba nyeusi. Hiyo nayo haikuwa safi. Ndani yake mlikuwa na fedha, na ili kuitoa, shaba iliyeyushwa pamoja na risasi. Ilipopashwa moto tena kwa kiasi, risasi ilitiririka ikiichukua fedha, na shaba ikabaki. Kazi hii ya mwisho ilihitaji mtaji mkubwa. Ilishikwa na wafanyabiashara wa Nürnberg na wa miji mingine, waliowakopesha wenye matanuru na kuwafunga kwa madeni. Shaba ilifanywa vyombo vya jikoni na sarafu. Ikichanganywa na bati, ilifanywa kengele za makanisa, na mizinga pia.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mchungaji anayetumwa Tarime hawezi kuelewa malalamiko ya washarika wake asipofahamu jinsi metali inavyotengwa na jiwe. Kijiji cha Nyangoto ni kimojawapo cha vijiji vinavyouzunguka mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kabla ya hapo wachimbaji wadogo walichimba eneo hilo kwa sururu na kuinasa dhahabu kwa zebaki. Mgodi hutumia njia nyingine. Mwamba hupasuliwa kwa baruti na kusagwa hata uwe unga; dhahabu huyeyushwa katika maji yenye sayanaidi, hunaswa kwa kaboni, hutolewa tena kwa umeme, na kumiminwa kuwa matofali ambayo bado si safi. Kwa miaka mingi usafishaji wa mwisho ulifanyika nchi za nje. (Makinikia yaliyozuiwa kusafirishwa mwezi Machi 2017, yenye shaba na dhahabu pamoja, yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, wala si huku, ingawa wengi huyachanganya mambo hayo.)

Mwamba wa huku nao una kiberiti. Kule Mansfeld kilipanda angani kama moshi; huku, kifusi kinapokutana na hewa na mvua, kiberiti hugeuka kuwa asidi, nayo huyeyusha metali nyingine zilizomo katika jiwe. Mwezi Mei 2009 maji ya namna hiyo yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao wananchi waliutumia kwa kunywa, kufua na kunyweshea mifugo. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi, pale umati ulipoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu.

Baadhi ya watumishi wenzetu husema kwamba hayo ni ya serikali na kampuni. Hata hivyo, mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo KKKT ni mwanachama wake, ilitoa taarifa juu ya dhahabu pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA. Taarifa hiyo ilihusu hasa mapato ya taifa. Mwaka 2019 serikali ilikubaliana na Barrick kupewa asilimia 16 ya hisa. Hilo ni jema. Lakini hisa haziondoi asidi katika kifusi, na kwa maoni yangu Kanisa limesema machache mno juu ya mto.

Luther hakuyaona mambo ya matanuru kuwa nje ya wito wake. Mabwana wa Mansfeld walipoanza kuwanyang'anya wenye matanuru haki zao, jamaa zake wakiwamo, aliwaandikia kuwaonya. Mwezi Januari 1546, akiwa mgonjwa na mwenye umri wa miaka 62, alisafiri katika baridi kali hadi Eisleben ili kuwapatanisha mabwana hao, waliogombana juu ya urithi na mapato yao. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 16 na 17 Februari. Alfajiri ya tarehe 18 alifariki dunia mjini humo.