Divai nyekundu ya Rioja

Rioja ni divai ya kaskazini mwa Hispania, kutoka bonde la mto Ebro. Zabibu yake kuu ni tempranillo, ambayo mara nyingi huchanganywa na garnacha, graciano au mazuelo.

Karne ya 19, wadudu wa filoksera walipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux walihamia mji wa Haro kutafuta divai. Maghala makongwe yaliyozunguka stesheni ya reli ya mji huo ni urithi wa biashara hiyo.

Mwonjaji huanza na macho: divai changa ina wekundu wa zambarau, na iliyozeeka huelekea rangi ya tofali. Kisha huzungusha glasi na kunusa. Mapipa ya mwaloni wa Marekani, yanayopendwa sana Rioja, huacha harufu ya vanila na nazi juu ya ile ya cheri na plamu. Mdomoni hupimwa uchachu na ukakasi wa tanini. Divai ya daraja la Crianza hukomaa angalau miaka 2, Reserva 3, Gran Reserva 5. Lakini miaka mingi si lazima iwe utamu zaidi, na kwa chakula cha kila siku Crianza mara nyingi hufaa kuliko wakubwa wake.

Mezani, mshirika wa asili wa Rioja ni mbavu za mwanakondoo zilizochomwa kwa matawi makavu ya mzabibu, kwani mafuta na protini za nyama hupunguza ukakasi. Viazi vilivyopikwa na soseji ya chorizo navyo vinapatana nayo. Lakini pilipili kali hufanya kileo chake kiunguze.