Nukta juu ya i

Wasomaji, leo tuiangalie nukta. Ndiyo, hiyo hiyo inayokaa juu ya herufi i.

Mwaka 1928 Uturuki iliacha hati ya Kiarabu ikachukua herufi za Kilatini, ikaweka i za aina mbili. Isiyo na nukta ni ı, na kubwa yake ni I. Yenye nukta ni i, na kubwa yake ni İ. Sauti mbili tofauti.

Kanuni za majina ya tovuti za mwaka 1987 zilifuata Kiingereza: I na i ni kitu kimoja. Mwaka 2003 ukaja utaratibu wa IDNA, ukaruhusu herufi za lugha nyingine, lakini I ikaendelea kugeuzwa i. Basi Mturuki akiandika IŞIK, yaani mwanga, kompyuta inasoma işik badala ya ışık. Hilo ni jina jingine, na huenda mwenyewe ni tapeli anayengoja nywila yako!

Mwaka 2010 IDNA mpya ilikataa herufi kubwa ndani ya majina hayo. Kazi ya kuzigeuza ikaachiwa programu, yaani sisi tunaoziandika.

Nami nimewahi kuteleza. Programu yangu ilipoendeshwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki, iligeuza FILE kuwa fıle, ikakwama. Nilitafuta kosa siku nzima, kumbe ni nukta!

Kwa hiyo, ukitaka herufi ndogo ya I, uliza kwanza: kwa lugha gani?