Bei kwanza, chanjo baadaye

Kutengeneza chanjo mpya ni shilingi ngapi? Makampuni ya dawa yatakutajia mamia ya mamilioni ya dola. Sasa hebu tuangalie ya homa ya uti wa mgongo, aina ya A.

Mwaka 1996 na 1997 ugonjwa huu uliwakumba watu zaidi ya 250,000 katika ukanda wa Senegal hadi Ethiopia, ukaua wapatao 25,000. Wahitaji walikuwepo jamani, hela ndiyo hakuna! Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani na PATH wakapewa dola milioni 70 na mfuko wa Gates. Viongozi wa afya wa Afrika wakaulizwa bei, wakajibu: isizidi senti 50 za dola kwa dozi. Hesabu ikaanzia mwisho.

Makampuni makubwa yakasita. Malighafi ikatoka Uholanzi, utaalamu Marekani, kiwanda kikawa Serum Institute, India. (Chetu kiko wapi?) Desemba 2010 Burkina Faso wakaanza kuchanja, kwa chini ya senti 50. Ila zile milioni 70 zilikuwa msaada, hazikuhitaji kurudishwa kupitia bei ya dozi. Nani atatoa nyingine kama hizo kwa kila ugonjwa wa maskini?