Fidia ya Mtumishi Aliyeumia Kazini

Mnamo mwaka 1835 huko Uingereza, Priestley, mtumishi wa mwuza nyama aitwaye Fowler, alipanda gari la farasi kupeleka bidhaa za bwana wake. Gari lilipakizwa kupita kiasi. Likavunjika, naye akaanguka akavunjika paja. Alimshtaki bwana wake, na juri ikampa pauni 100. Lakini mwaka 1837 Lord Abinger alikataa dai hilo: bwana akilipa kwa jambo hili, atalipa kwa uzembe wa kila mtumishi wake, tena mtumishi ana hiari ya kukataa kazi ya hatari.

Hiari hiyo ilikuwa ya maneno tu, kwani mwenye njaa hachagui kazi. Hata hivyo, majaji waliifanya kanuni: aliyeumizwa na mtumishi mwenziwe hana dai juu ya bwana wao, hali mpita njia aliyeumizwa kwa uzembe uo huo aliweza kudai. Sheria ya 1880 iliipunguza nguvu kanuni hiyo. Ya 1897 ikaamuru fidia katika reli, migodi na viwanda bila kuthibitisha kosa la bwana. Ya 1948 ikaifuta kabisa.

Kwa amri ya 1920 sheria za mahakama za Kiingereza ziliingia Tanganyika, hivyo kesi ya gari lile si ya watu wa mbali tu. Leo nchini Tanzania, kwa sheria ya 2008, fidia hutoka katika mfuko unaochangiwa na waajiri, wala mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha uzembe. Haiulizwi tena nani alikosa, bali nani abebe hasara ya kazi iliyomfaidi mwajiri.