Kisiwa cha Kina Bibi: Pa Kuwapeleka Wageni Likizo Hii



Kipupwe kikiingia nyumba zetu hujaa. Skuli za ughaibuni zimefungwa, na jamaa wanashuka kutoka Maskati, London na Toronto na watoto wao. Siku ya kwanza ni ya kuamkia wazee, ya pili ni ya kula, na ya tatu linakuja suali: "Mama mdogo, leo twende wapi?" Jawabu letu huwa lile lile. Urojo wa Forodhani, kobe wa Changuu, bahari ya Nungwi. Yote mazuri, na wala hatusemi muache. Lakini tukifika kwenye magofu na majumba ya zamani tunamuachia mtembeza wageni aseme, naye atawahisabia masultani, mabalozi na mizinga mpaka watoto wasinzie. Wanawake walioishi ndani ya majumba hayo hapati nafasi ya kuwataja. Basi mwaka huu tuwatembeze watoto wetu kwa kina bibi.

Tuanzie hapo hapo Forodhani, kabla ya urojo. Beit al-Ajaib ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, na sehemu yake ikaanguka tarehe 25 Disemba 2020, sote tunaikumbuka siku ile. Lakini inasemekana kuwa kabla yake pahala hapo palikuwa na makao ya Mwana Mwema Fatuma, malkia aliyetawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa, kuanzia 1696 hadi 1698, yeye alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula waliozingirwa. Wareno wakashindwa, na yeye akachukuliwa Omani, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa. Ngome Kongwe, ambayo watoto wanaipigia picha, Waomani waliijenga baada ya ushindi ule, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno. Upande aliouchagua tunaweza kubishana juu yake. Ila mtoto wa kike akijua kuwa mji huu uliwahi kuwa na mwanamke wa kuamua vita, hata kuiangalia ngome ataiangalia vyengine.

Kutoka hapo pandeni gari za Bububu. Maruhubi ndiyo ya mwanzo kuikuta. Barghash aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, ikaungua 1899, na leo zimebaki nguzo na hamamu. Masuria tisini na tisa, watu husema, na wageni hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Nguzo zinahisabika, idadi ya masuria inasemwa, lakini hakuna anayekwambia jina hata la mmoja.

Mbele kidogo tu ni Mtoni, na hapa tunaomba mkae. Chukueni mkeka na chai, msikimbie. Beit al-Mtoni ni kasri kongwe ya Seyyid Said, na humo alizaliwa Seyyida Salme tarehe 30 Agosti 1844. Kwa maelezo yake mwenyewe, jumba lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, na uani walitembea paa, tausi, korongo na mbuni. Leo ni kuta, bahari, na minazi.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, Mcherkesi. Alikuwa mtoto mdogo vita vilipoingia kwao. Wazazi wake waliuawa na watoto wakachukuliwa, kila mmoja njia yake. Ndivyo alivyofika nyumba ya Sultani. Tukisema "suria" tunalisema kwa wepesi kama cheo, na kweli sheria ilimpa haki yake, kwamba aliyemzalia bwana wake hauzwi na huwa huru bwana akifa. Lakini mwanzo wake ulikuwa kutekwa. Mkiwapeleka wageni Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, waambieni kuwa habari ya Mtoni na habari ya Mkunazini ni moja.

Salme alisomeshwa Qur'ani kama watoto wote wa kasri, lakini wasichana walifunzwa kusoma tu, kuandika la. Yeye akajifunza kwa siri. Alichukua msahafu, akawa anaziigiza herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa zama zile. Tunapenda sana watoto wa kike waisikie habari hii, na waisikie wakiwa wamesimama pale pale.

Kalamu hiyo ilimpa faida na ilimponza. Barghash alipofanya njama dhidi ya kaka yake, Seyyid Majid, mwaka 1859, barua za siri ziliandikwa na Salme, kwa kuwa alijua kuandika. Alikuwa na miaka kumi na tano hivi. Njama ikashindwa. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa na kuolewa naye. Mumewe alikufa 1870, akabaki Ujerumani na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilichapwa 1886, na mengi tunayoyajua leo juu ya maisha ya ndani ya kasri hizi yametoka humo.

Wapo kati yetu wasiopenda atajwe, kwa sababu aliiacha dini. Tunafahamu uchungu huo. Lakini hisabu yake iko kwa Mola wake, na habari za mama zetu wa Mtoni hakuna mwengine aliyeziandika. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa kuwa katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja.

Ni yeye pia aliyetupa habari za bibi wa Kidichi. Pandeni kutokea Bububu, kwenye mashamba ya viungo, mtakuta hamamu yenye makuba aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah. Salme anaeleza kuwa bibi huyu alipanda farasi na kuwinda, mambo yaliyowashangaza watu wa hapa. Hakuzaa na Sultani, na mwisho waliachana akarudi kwao. Ukutani tazameni nakshi za plasta. Kuna maua, mitende, na hata tausi, ijapokuwa kuchora viumbe hakukuzoeleka kwetu. Nendeni asubuhi, ndani mna giza.

Fumba wengi huenda kuangalia nyumba mpya. Mkipita, watajieni Siti binti Saad, aliyezaliwa huko karibu mwaka 1880, mtoto wa mfinyanzi, akiuza vyungu vya mama yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, akiimba na uso ameufunika. Hilo tu lawatosha mabinti wetu kuzungumza njia nzima.

Mwisho kusini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi huwa mwezi wa saba. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kina mama husimama pembeni na khanga zao, wakiimba maneno ambayo siku nyengine hayasemwi hadharani. Kila mtu na rai yake juu ya mila hii. Wageni wasikilize nyimbo zaidi ya kuangalia magogo.

Mkiwa njia hiyo fikeni Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ombeni ruhusa kwa mwangalizi, vueni viatu, chukueni mtandio wa ziada kwa mgeni aliyesahau. Mkitoka nje, zungukeni makaburini. Waulizeni wenyeji kaburi la Mwana binti Mmadi, aliyelala hapo pamoja na mwanawe. Muombeeni.