Jinsia Mbele ya Sheria: Kutoka Shamba la Ukoo Kagera hadi Cheti cha Mtihani Nairobi

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kayanga, kibanja si mali tu. Ndani yake mna nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaweza kurithi au kuuza kibanja limekuwa daima swali la nani anahesabiwa mtu kamili katika ukoo. Kwa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, kama kwa jirani zao Wahaya, ardhi ya ukoo ilifuata upande wa kiume. Binti alionekana mtu wa kuondoka. Historia ya jinsia na sheria katika eneo hili yafaa ianzie hapo, hata pale inapowahusu watu ambao mila haikuwataja kabisa.

Mila hiyo haikuwa ngumu kama ilivyokuja kuonekana vitabuni. Wanawake wa Kihaya waliojipatia fedha zao wenyewe walinunua vibanja na kuvimiliki, kwa kuwa shamba lililonunuliwa halikuwa la ukoo. Ugumu ulikuja na maandishi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha pamoja na Hartnoll kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza rasmi sheria za mila za urithi. Jambo ambalo wazee waliweza kulijadili barazani likageuka kanuni yenye namba. Kanuni ya 20 ilisema kuwa mwanamke aweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maishani mwake wala hataiuza.

Kanuni hiyo ndiyo iliyofikishwa mahakamani katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Holaria alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, Bernardo, aliyekuwa akimwita shangazi, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mahakama hiyo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo kwa kutumia Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Rufaa ilikwenda Mahakama Kuu, Mwanza, ambako Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu mwezi Februari 1990.

Mahakama za awali zilishasema kwamba mabadiliko ya mila yaachiwe Bunge au wenye mila wenyewe. Jaji Mwalusanya hakukubali kusubiri. Ibara ya 13 ya Katiba wakati huo haikuitaja jinsia katika orodha ya misingi ya ubaguzi, hivyo alitegemea pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliiridhia. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni jinsi alivyolitatua jambo lenyewe. Hakuufuta ukoo. Alisema mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza alio nao mwanamume, na vizuizi vilevile: mwanaukoo aweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Bernardo alipewa miezi 6 kufanya hivyo. Jaji hakuuliza mwanamke ni nani kwa maumbile yake. Aliuliza kizuizi kile kinalinda nini, na kwa nini kimfunge mmoja kisimfunge mwingine.

Neno “jinsia” liliingizwa katika Ibara ya 13(5) mwaka 2000. Tafsiri ya Kiingereza ya Katiba hutumia hapo neno la maumbile, ilhali wanataaluma wengi wa Kiswahili hutenga “jinsi” ya maumbile na “jinsia” ya kijamii. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Inahusu moja kwa moja watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Tanzania haina sheria inayoweka utaratibu wa kuwatambua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu matendo, si utambulisho, ingawa nje ya mahakama watu hawajali sana mpaka huo.

Swali hilo lilijibiwa kwanza Kenya, na lilijibiwa kwa njia inayokaribia sana ile ya Mwanza. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la Andrew. Baadaye akawa anaishi kama mwanamke, na cheti chenye jina na alama ya jinsia visivyolingana naye kikawa kikwazo cha kupata kazi. Baraza la mitihani lilikataa kukibadilisha. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliamuru litoe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kushangaza: mtihani hautolewi kwa kufuata jinsia ya mtahiniwa, wala maksi hazitolewi hivyo, basi kuiondoa alama hiyo hakupunguzi thamani ya cheti.

Hukumu hiyo haikumtangaza Audrey kuwa mwanamke kisheria, na wakosoaji waliodai kwamba imefanya hivyo hawakuisoma vizuri. Ilifungua mlango mmoja tu, wa cheti, kama ile ya Mwanza ilivyofungua wa shamba moja. Nayo ya Mwanza haikuziondoa kanuni za 1963. Wajane wawili wa Tanzania walipozipinga kanuni za namna hiyo, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kuwa ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta kwa maelezo kwamba mila hubadilishwa kupitia halmashauri za wilaya. Rufaa yao ikakwama mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilitamka kuwa Tanzania imekiuka haki zao. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 25 tangu Bi Holaria ashinde, na kanuni zilikuwa bado vitabuni.